Lundo la Mashudu Lina Joto la Marehemu Mume Wangu

Mpendwa Shangazi wa redioni, naomba msaada na tafadhali usinicheke, mimi ni mjane, mume wangu alikuwa mchochea tanuri kwenye kiwanda kinachokamua mafuta ya magari kutoka mbegu za mbono, na makapi yake, mashudu, ndiyo yanayochomwa ili mvuke uzungushe jenereta inayotuwashia taa huku nyumba za wafanyakazi, sasa tangu kifua kimwondoe mume wangu, lundo la mashudu nyuma ya nyumba yetu limepata joto, si la jua, ni joto la mgongo wa mtu, nami kila jioni naliegemea na binti yetu, hata kipindi chako tunakisikilizia hapo hapo, na lundo linashusha pumzi, Shangazi, nasikia kwa masikio yangu, na pembeni yangu pamebonyea kama mtu amelala, kila siku zaidi, jana binti yangu akajikunyata mle akasema, "Mama, baba anatupanulia nafasi," mara nikasikia naitwa kwa jina la utani alilonipa marehemu, wifi yangu anasema, "Ni kaka huyo, mwitikie apumzike," ila msimamizi wa kiwanda anataka kulifukua kwa tingatinga, nimemlilia aniachie, je, nimekosea?

Mjane wa mchochea tanuri

Mwanangu, kama saa hizi umeliegemea lundo hilo, inuka kwanza. Mshike mtoto mkono, tokeni hapo, ndipo nikujibu.

Pole sana kwa kufiwa. Lakini ndiyo, umekosea. Msiba wa kwanza ni kazi ya Mungu. Huu wa pili utakuwa wa kujitakia, na msiba wa kujitakia hauna kilio. Mashudu hubaki na mafuta, yakirundikwa na unyevu hujipasha joto yenyewe mpaka yakashika moto ndani. Hizo pumzi ni hewa ya moto. Panabonyea kwa sababu chini pamekuwa majivu. Anayempanulia mwanao nafasi ni moto, mama, na hewa yake inalevya kimyakimya.

Mfuate msimamizi leo hii, alifukue, wazima moto wakiwa karibu. Wifi yako mwambie Shangazi kasema akaegemee yeye.

Kuhusu sauti iliyokuita, sitakudanganya, sina maelezo. Ninachojua ni kwamba mume wako maisha yake yote alikuwa akiuzuia moto usitoke tanurini. Baba wa namna hiyo hawezi kumlaza mwanawe juu ya moto. Kwa hiyo aliyekuita si yeye.

Usiitike.