Chumba cha Mama Kilichopimwa kwa Tepu ya Nguo

Nyumba Namba 14,
Mtaa wa Mafundi.
9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko? Na mumeo, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima. Kaka yako ameongeza kitambi na kupunguza nywele. Mama hajambo, goti humsumbua asubuhi tu, likishapata joto linatulia.

Barua yako ya mwisho ilinichoma, sikufichi. Uliandika kwamba ikiwa halmashauri ya jiji itakivunja chumba cha Mama, basi utakuja umchukue. Nilikaa nayo wiki nyingi mfukoni mwa aproni. Sasa nina jibu. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nakueleza yote, hata yale ambayo kaka yako angependa niyaruke.

Chumba kile tulikijenga bila kibali. Mama alikuwa hawezi tena kupanda ngazi, nasi tukasema kibali kitatafutwa baadaye, kama wasemavyo wengi. Kupima alipima kaka yako mwenyewe, kwa tepu yake ya kupimia nguo! Tepu yenyewe fupi, ikabidi ailaze mara tatu. Na kwa kuwa mkono wa fundi cherehani haujui kazi nyingine, kila alipoilaza aliacha inchi mbili huku na inchi mbili kule, nafasi ya mshono. Ukuta ukasogea futi nzima kuelekea kwa jirani, na jikoni kwake kukaingia giza.

Jirani mwenyewe ni yule mwalimu mstaafu tunayemwita Kengele, kwa sauti yake ambayo mpaka leo ni ya kuita darasa zima. Akapeleka malalamiko halmashauri. Akaja mkaguzi wa majengo, akapima, akachora alama nyekundu ukutani na kutupa siku thelathini tubomoe. Wifi, nilimchukia yule mwanamke. Nikimwona njiani navuka upande wa pili. Lakini aliyenitia uchungu zaidi ni Mama. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akasema tumpeleke kwako, watu wasije wakavunjiwa nyumba kwa ajili yake.

Tukaitwa mbele ya kamati. Ukumbi ulijaa watu wenye vibaraza, vyoo na ghorofa zisizo na karatasi, kila mmoja na uongo wake mkononi. Kaka yako alipoulizwa amepimaje, aliivua ile tepu shingoni, maana hata siku hiyo alikwenda nayo, akaeleza habari ya mshono bila kupepesa macho. Ukumbi mzima ukacheka, na mkaguzi akafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Kengele akasimama.

"Mimi sikuomba mtu mzima atolewe chumbani kwake," alisema. "Nimeomba mwanga tu. Nimegonga kwao mara mbili, cherehani zao zikaishinda hata sauti yangu."

Akasema ukuta mmoja ukirudishwa nyuma, atatia saini kwamba hana pingamizi. Kamati ikakubali. Tulitozwa faini, tukapeleka mchoro uliochorwa na mtu anayejua kuchora, na mwezi uliopita kibali kikatoka. Kaka yako anakisoma kila siku baada ya chai, utadhani ni barua ya uchumba.

Kuubomoa ukuta na kuujenga upya kulichukua siku kumi na moja. Unajua Mama alilala wapi? Kwa Kengele! Kengele alimfuata mwenyewe, akambebea na mto. Kila asubuhi alimkanda lile goti kwa maji ya moto, wakibishana juu ya redio. Siku ya kumrudisha nilikwenda kuomba radhi, nikalia tu katikati ya jiko lake. Akanipa kitambaa, akaniambia siku nyingine nizime cherehani nisikilize mlango. Wifi, nimeshukuru mpaka nimeishiwa namna ya kushukuru. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, walisema waliosema, na wewe usininunie.

Nawe nakushukuru, kwa kuwa ulikuwa tayari kuacha kazi yako ukaja. Basi njoo, lakini usije kumchukua. Njoo kututembelea. Shida ni moja tu. Chumba kimepungua, na godoro la mgeni tulilotaka kulitandika sakafuni halienei. Jana nilimwambia Mama kwamba sijui utalala wapi. Alinitazama kana kwamba nimepungukiwa na akili.

"Kitandani kwangu," alisema. "Kwani alipozaliwa alilala wapi?"

Msalimie mumeo, wape watoto mabusu yao kutoka kwa mke wa mjomba wao, na shangazi mkubwa mwambie nguo yake iko tayari tangu mwaka jana. Mungu akufungulie njia na akulinde uwapo safarini. Mama naye anakuombea. Tangu jana analala upande wa ukutani, kwa sababu, anasema, upande wa nje ndio wako.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ninapokutania.