Kizibo cha Mzee Mkavu

3 Februari

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima huko uliko. Sisi wazima, ila mimi nina hasira, na nimeona heri nikwambie mapema.

Nimerudi kutoka kutibiwa macho. Wiki tatu nimefungwa bandeji, nafunguliwa, nafika nyumbani, na kitu cha kwanza ninachokiona kwa macho mapya ni pipa limelala juu ya paa langu! Pipa, na chini yake kioo cheusi kikubwa kama mlango. Namuuliza mama yako, anasema, "Ni mtambo wa maji moto wa jua. Mwanao alikuja siku nne akaufunga." Siku nne! Ulisubiri nisiwepo. Mabati ya paa hilo niliyapigilia mimi, mabomba niliyalaza mimi, halafu mtu anaingia kama mwizi. Tena afadhali mwizi, yeye huondoa vitu, haongezi.

Hayo ningeyameza. Lakini linavuja. Pembeni ya pipa kuna kibomba, na kila jua likiwaka vizuri kinadondosha, to, to, to, mpaka ukutani pamefanya mchirizi wa kijani. Unajua mtaani naitwaje? Mzee Mkavu. Miaka arobaini hakuna bomba nililofunga likatoa hata jasho. Jana mshonaji wa jirani kaniita dirishani: "Mzee Mkavu, leo kwako kunanyesha?" Akacheka mpaka akashikilia cherehani.

Mama yako haambiliki. Anaoga asubuhi, anaoga jioni, kama bata. Namwambia linavuja, ananijibu, "Lakini ni ya moto."

Nijibu kwa barua. Simu ya mama yako imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na yangu unajua siitumii kuongea na watu niliowanunia.

Baba yako


14 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Nashukuru macho yamepona, maana naona yameanza kazi siku hiyohiyo. Mimi mzima, isipokuwa mguu wa kulia uko kwenye plasta. Usifurahi, sikuanguka kwenye paa. Niliteleza kwenye vidato vya duka la mikate. Wiki sita sipandi popote.

Sasa tuseme ukweli. Ulipokuwa hospitali nilimkuta Mama naye ana bandeji, ya paja. Alikwambia? Alikuwa anatoa sufuria ya maji ya kuoga jikoni, vidole vyake vilivyopinda vikaachia mpini. Hiyo ndiyo sababu ya pipa. Daktari alisema aoge maji moto kila siku kwa ajili ya viungo. Wewe ukasema jiko lipo. Jiko lipo, ndiyo, lakini sufuria nani alikuwa anabeba? Miaka arobaini umewapandishia watu maji mpaka ghorofa ya tano, na mkeo anabeba sufuria!

Na hilo la kuingia kama mwizi: ningeomba ruhusa, ungenipa? Nikiwa na miaka kumi na mitano nilikuomba unifundishe kazi. Ukanipa ngazi nishike. Miaka mitatu nilishika ngazi, natazama soli za viatu vyako. Spana ukampa mpwa wako, ambaye leo anauza viatu. Nikikuuliza bomba hili kwa nini linapita hapa, unasema, "Shika ngazi." Nikaenda kujifunza kwa watu baki. Leo nafunga mitambo kwenye hoteli na hospitali, na nyumba pekee ambako kazi yangu inaitwa pipa ni ya baba yangu mzazi.

Kibomba kinachodondosha ni cha vali. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Usikiguse.

Msalimie Mama.

Binti yako


6 Machi

Binti yangu,

Salamu, na pole kwa mguu. Habari ya paja sikuwa nimeambiwa. Nimemuuliza mama yako, akasema ilikuwa kitu kidogo, akaendelea kumenya viazi.

Lakini mambo ya ngazi usinikumbushe. Wakati ule ningempandisha binti juu ya mapaa ya watu, nani angeniita tena kazini? Wewe uliona soli za viatu tu. Mimi niliona macho ya wateja.

Halafu "usikiguse"! Mimi! Ndani ya nyumba yangu! Hata mwajiri wangu wa kwanza, aliyekuwa akitukana watu na mabomba yao, hakuwahi kuniambia nisiguse bomba. Basi nimegusa. Nimekata mwisho wa kibomba, nikachonga nyuzi mpya, nikazungusha tepu nyeupe mara kumi na mbili, nikafunga kizibo cha shaba, kile kizito nilichokihifadhi tangu kazi ya kiwanda cha sabuni. Nimekaza mpaka spana ikalia. Sasa hakuna tone. Ukuta umekauka. Nimemwita mshonaji aje aupapase kwa mkono wake.

Wiki mbili kulikuwa na mawingu, lakini sasa jua limerudi kwa nguvu na mtambo unafanya kazi vizuri kuliko ulivyouacha. Maji yanatoka kwa kishindo, yana mvuke. Mchana pipa linagongagonga, tunalisikia hadi sebuleni. Mama yako anasema linamshukuru fundi.

Wewe huna haja ya kunishukuru.

Baba yako


11 Machi, kwa mkono wa dereva wa lori la saruji

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye. Mama asiingie bafuni.

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Sina namba ya jirani yenu hata mmoja, na yako nimeipiga mara kumi na moja, umeizima. Na plasta hii siwezi kufika kabla ya dereva huyu. Ameapa kesho mchana atakuwa mlangoni kwako. Soma polepole.

Maji yakipata moto yanavimba. Ndani ya pipa hakuna nafasi ya kuvimbia, na hayawezi kurudi yalikotoka kwa sababu kuna vali inayoyazuia. Yakizidi, vali ya usalama inayatema kidogo kidogo kwenye kile kibomba. Lile tone ndilo pumzi ya pipa. Wewe umeliziba pua na mdomo. Linavyogonga halimshukuru mtu. Pipa la namna hiyo likipasuka linaondoka na paa, na bafu liko chini yake hasa.

Tena kinachoniudhi zaidi: angekuwa mtu mwingine, angechomeka kitambaa, na kitambaa kingeruka chenyewe siku ya kwanza. Wewe umeziba kama fundi. Mtaa mzima hakuna mwingine anayeweza kuziba vizuri namna hiyo.

Fanya hivi. Rusha turubai lifunike kioo, ukiwa upande wa stoo, usilisogelee pipa. Tokeni nje ya nyumba. Koki ya maji moto msiifungue kabisa. Kesho yake alfajiri, pipa likiwa limepoa, fungua koki polepole mpaka presha iishe, ndipo upande ukatoe kizibo.

Baba, nakuomba. Nuna baadaye.

Binti yako


19 Machi

Binti yangu,

Salamu. Mama yako mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua umelisubiri siku nane. Mimi nimeungua mkono wa kulia. Naandika kwa wa kushoto, ndiyo maana mwandiko umelala.

Dereva alifika saa saba mchana, jua utosini. Niliisoma barua nimesimama mlangoni, nikacheka. Mama yako alikuwa na taulo begani, anaelekea bafuni. Akauliza nacheka nini. Nikamwambia, "Binti yako anasema pipa litatuua." Akasimama palepale. "Basi siogi," akasema. Hapo nikakasirika kweli. Nikamwambia nitaoga mimi, aone.

Nikaingia, nikafungua koki. Hayakutoka maji, mwanangu. Ulitoka mvuke, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwenye bomba lolote. Nilitoka mbio, koki nikaiacha inapiga kelele peke yake. Ungekuwa mkono wa mama yako, vidole vile visingewahi kukwepa.

Turubai nililirusha kwa mkono mmoja. Tukahamia kwa mshonaji mpaka kesho yake. Safari hii hakucheka. Alfajiri nikapanda, mama yako kanishikia ngazi. Kizibo nilikitoa kwa mkono wa kushoto na kilinisumbua sana, maana nilikuwa nimekifunga mimi. Halafu nikapapasa mshono wa pipa. Umetuna kama shavu la mwenye jino bovu, na katikati una ufa wa kuingia ukucha. Mambo ya jua siyajui, lakini chuma nakijua. Chuma kile kilikuwa kimeshakata shauri. Nilikaa juu ya paa mpaka mama yako akaniita mara tatu.

Sasa na mimi nina hasira yangu, uisikie. Barua ya kwanza uliniandikia "usikiguse", basi, ukanyamaza. Habari za maji kuvimba, habari za pumzi ya pipa, umeziandika mtu ameshashika taulo! Kwa nini hukunieleza tangu mwanzo, kama fundi anavyomweleza fundi? Mtu mzima anaambiwa asiguse bila kuambiwa kwa nini, unategemea afanye nini? Nilifikia hapo nikaweka kalamu chini, nikajiuliza umejifunza kwa nani kujibu watu hivyo. Jibu nimelipata, na halijanifurahisha.

Pipa limekufa, kioo ni kizima. Tumerudi kwenye sufuria. Ila nabeba mimi sasa, na mama yako ananifokea kwamba namwaga nusu njiani.

Kwenye kifurushi hiki utakuta spana yangu kubwa, ile ya mpini mwekundu. Mpwa wangu aliirudisha alipoanza biashara ya viatu, na tangu hapo imelala chini ya kitanda. Nimeipaka mafuta.

Plasta ikitolewa, njoo na pipa jipya. Usinitumie fundi mwingine, nitamfukuza. Uje wewe. Nitakuuliza kila bomba linakokwenda na kwa nini, na utanijibu lote, hata nikikuchosha.

Ngazi nitashika mimi.

Baba yako