Boksi la Njano

Jumamosi, 2 Agosti

Iwafikie wananchi wote wa chumba hiki, yaani mie na mjusi aliye juu ya pazia: kuanzia leo saa tano asubuhi, mimi, karani wa mita za maji, baba wa watoto wawili, mkazi wa Mbagala, ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Risasi ya klabu yetu ya kulenga shabaha. Kamati ina mjumbe mmoja. Ndiye mwenyekiti. Nimepita bila kupingwa kwa sababu wenzangu walikuwa wameenda kunywa chai.

Kazi yenyewe sasa. Bunduki zetu na bastola zetu zote ni ndogo, zinatumia risasi ya ukubwa ule ule, nene kama penseli. Pini inaigonga ukingoni mwa kitako chake, siyo katikati kama zile kubwa. Ndogo, lakini maringo! Silaha mbili zimetoka kiwanda kimoja, kila moja ina risasi yake inayoipenda. Na klabu inaagiza aina moja tu kwa mwaka mzima. Kibali kinaombwa mara moja, na muuzaji hataki kusumbuliwa na vijiboksi vya rangi rangi. Nikikosea, tunakula hasara ya uchaguzi wangu mpaka mwakani. Na Septemba wanakuja wageni wa klabu ya Morogoro kushindana nasi.

Maboksi matatu ya majaribio. Njano, za polepole. Bluu, za kati. Nyekundu, za kasi. Yamefungiwa stoo na Afande, mwanajeshi mstaafu anayesimamia usalama wa uwanja wetu kule nyuma ya Mbweni. Mtu wa maneno machache. Mengine huyaandika.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimempa mke wangu habari za uteuzi. Mama Koku aliacha kuchambua mchele.

"Kamati ya mtu mmoja, mkibishana je?"

Nikasema tutapiga kura.

"Basi utashindwa."

Nimecheka mpaka nimepaliwa. Nina furaha, sifichi. Miaka sita klabuni na mtu pekee niliyewahi kumshinda alikuwa amesahau miwani.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya majaribio. Jua kali, upepo kidogo kutoka baharini.

Nimepiga risasi tano tano kwa kila rangi, mita hamsini, nimelala kifudifudi na kitambi changu kikisaidia. Nyekundu: matundu yametapakaa, sosa ya chai haiyafuniki. Bluu: kikombe kidogo cha kahawa kinayafunika, kwa shida. Njano: kizibo cha soda. Matundu matano chini ya kizibo cha soda! Nimekiweka juu ya karatasi mara tatu kuhakikisha. Sijawahi kupiga hivyo. Sikujua bunduki yangu inaweza. Inasikika tu "tap", kama mtu anagonga meza kwa kidole.

Nimeipenda njano. Nimeipenda vibaya.

Kisha zamu ya bastola. Zuhura, fundi cherehani wa Buguruni, ndiye mpigaji wetu pekee wa bastola, na ndiye tunayemtegemea kwa Morogoro. Bastola yake inajipakia yenyewe: nguvu ya risasi moja ndiyo inayorudisha chuma nyuma na kuingiza nyingine. Risasi ikiwa legelege, chuma hakifiki, ganda linabanwa mlangoni. Nyekundu, sawa. Bluu, sawa. Njano, imekwama. Imekwama tena. Kila ikikwama ananyoosha mkono juu, mtutu ukitazama tuta la mchanga, na Afande anakuja kuitazama. Hiyo ndiyo sheria.

Risasi kumi, amenyoosha mkono mara nne.

"Mwenyekiti, hii yako ya njano imekuja na usingizi wake," akasema Zuhura.

Nimecheka. Kicheko cha mdomoni tu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili. Ina vichwa vya habari na jedwali. Nimependekeza njano kwa "utulivu na usahihi wake".

Kwenye safu ya bastola kukwama nimeandika: moja.

Zile tatu nimeziweka chini, kwa herufi ndogo: zinahusishwa na uchafu wa silaha.

Nimeituma kwenye grupu la simu la klabu. Wenzangu wameniwekea vidole gumba. Chai ya leo haikuwa na ladha. Nadhani majani ni ya zamani.

Alhamisi, 14 Agosti

Ujumbe kutoka kwa Zuhura, kwangu peke yangu:

"Shikamoo kaka. Nimesoma ripoti. Samahani kwa uchafu, mie nilijua ni safi. Nimeifungua jana na juzi nikaisugua yote na mswaki. Jumamosi nitaijaribu tena na njano. Ikigoma basi tatizo ni langu, nitajitoa, msiharibu agizo la watu kwa ajili yangu."

Nimeusoma ofisini, kati ya mita mbili zilizogoma kusoma.

Ile bastola inang'aa. Ina harufu ya mafuta ya cherehani. Huyu mtu husafisha silaha yake kabla ya kula.

Nimemjibu: "Marahaba. Pole." Neno moja kati ya hayo mawili ni la kweli, na hata hilo ni dogo.

Najisikia vibaya. Siyo majani ya chai.

Ijumaa, 15 Agosti

Agizo linapelekwa Jumatatu. Nimefungua ripoti kwenye simu mara nyingi. Sijabadilisha kitu. Mama Koku kaniuliza kama kamati imeshapiga kura. Nimesema bado. Kasema, "Naona mnabishana."

Jumamosi, 16 Agosti

Kamati imeamua: bluu. Sababu ni za kitaalamu. Zuhura atapiga na Morogoro. Wote wameridhika. Nimechoka, naenda kuoga.

Jumapili, 17 Agosti

Ya jana hayakwenda hivyo. Nayaandika yalivyokuwa, kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu ila mie, na kujidanganya mwenyewe kwa maandishi ni uvivu wa aina yake.

Zuhura alipakia njano. Ya tatu ikakwama, mkono juu. Ya tano, mkono juu. Akaiweka chini, akageuka akatuambia, "Jamani naombeni radhi, nimeisugua, sijui nifanye nini tena. Nyie agizeni njano, mie nitapika pilau la wageni." Alikuwa anatabasamu. Macho hayakuwa yanatabasamu.

Mie nilikuwa nafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Afande akaja akachuchumaa karibu yangu. Akanipa daftari lake la uwanjani, limefunguliwa ukurasa wa tarehe tisa. Kila mkono unaonyooshwa anauwekea alama, hiyo ndiyo kazi yake miaka yote, na mie najua. Alama nne, moja moja, saa pembeni yake. Kwa mkono wake ameandika: silaha safi. Alikuwa nalo tangu siku ile. Alisoma ripoti yangu Jumanne kama wengine. Siku nne alikuwa ananisubiri.

Alinipa kalamu.

Nikasimama. Nikawaambia: ilikwama mara nne, siyo moja, na hakukuwa na uchafu, niliuandika kwa kuwa njano inanifanya nionekane najua kupiga. Nikafuta moja, nikaandika nne mbele yao, kwenye nakala aliyochapisha katibu.

Kisha Zuhura: "Kaka, siku mbili nimesugua! Mpaka mswaki umeota upara!"

Wakacheka wote. Yeye akacheka mwisho kabisa, na siyo sana. Ni haki yake. Agizo likawa la bluu.

Na la mwisho, maana nimeshaanza. Siku ya majaribio, njano niliipiga ya kwanza, nimepumzika, bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Bluu niliipiga baada ya maandazi matatu, moyo unadunda, mfuko nimeshamwachia mwingine. Jana nimeirudia bluu na mfuko. Haikuwa kizibo cha soda. Ilikuwa kizibo na nusu. Kwa mtu kama mie hilo ni la kupigia picha.

Singesema kama Afande asingenipa kalamu. Ningependa kuandika vingine, lakini ndivyo.

Tulipokuwa tunafunga, Zuhura kaja na ule mswaki wenye upara. "Chukua, Mwenyekiti. Leo na wewe safisha." Nikakaa kwenye benchi, nikapitisha kitambaa kwenye mtutu wangu. Kimetoka cheusi kama tako la sufuria ya mkaa. Nikapitisha cha pili. Cha tatu. Amekaa pembeni yangu anahesabu kwa sauti, na Afande anaandika.

Kitambaa cha kumi na moja ndicho kilichotoka cheupe.