Upande wa Kulia

Ilomba, Mbeya
4 Machi 2024

Baba mdogo Aroni,
Shikamoo. Huku hatujambo, ila mvua haijatuacha tangu Jumapili. Mgongo unaendeleaje? Mama kaniambia kwa simu kwamba umeanza tena kubeba ndoo mwenyewe, kisha unalalamika.

Nakutumia kwa basi maboksi mawili ya unga wa kuzibia meno, A na B. Mmoja nimeuchanganya na chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Zinaua bakteria, jino lisioze tena chini ya pale lilipozibwa. Mwingine ni wa kawaida. Upi ni upi sijui, nawe usijue. Ajuaye ni mtunza orodha ya utafiti peke yake. Chagua wagonjwa thelathini wenye matundu pande zote mbili. Kulia ziba kwa A, kushoto kwa B. Mwakani watakuja wakaguzi.

Lolote litakalotokea, liandike kwenye kadi.

Mwanao,
Benedicta

Kihesa, Iringa
20 Machi 2025

Mwanangu Benedicta,
Marahaba, na kamwene. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Mama yako mzima, maharage yake yamechanua.

Wakaguzi wako walifika juzi Jumanne. Yule dada Gloria kachungulia vinywa thelathini, akasema, "Mzee, hapa kwako hakuna hata jino moja lililopasuka!" Nikamwambia, "Ulitegemea nini, mama? Hii si barabara ya halmashauri." Wakacheka, wakala, wakaondoka.

Marehemu kaka angekuwepo angefurahi.

Baba yako mdogo,
Aroni

Ilomba, Mbeya
7 Aprili 2025

Baba mdogo,
Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi silali vizuri.

Hapa Mbeya nilitibu wagonjwa thelathini pia. Meno kumi na moja yamepasuka pale nilipoziba, tisa kati yake upande wa A. Kwako ni sifuri. Mkuu wangu wa utafiti amefurahi. Anasema Iringa imethibitisha kwamba unga wa A hauna tatizo, mkono wangu ndio mbaya. Mwisho wa Mei anapeleka ripoti, na unga wenye fedha utagawiwa zahanati kumi na mbili.

Mkono wangu ulifundishwa na wewe. Kwa hiyo nauliza: uligusa jino lolote kabla wakaguzi hawajafika?

Mwanao,
Benedicta

Ilomba, Mbeya
26 Aprili 2025

Baba mdogo,
Shikamoo. Siku kumi na tisa hujajibu, na simu hupokei. Mama anasema Jumapili ulikuwa kanisani, ukaimba sauti ya nne kama kawaida. Basi si mgonjwa.

Nasubiri.

Benedicta

Kihesa, Iringa
3 Mei 2025

Mwanangu,
Marahaba. Nimeandika barua hii mara tatu.

Niligusa. Meno manne, yote ya kulia. Wiki mbili kabla ya ukaguzi niliwaita wagonjwa niwaangalie, nikakuta unga umepasuka. Mgeni hakaribishwi kwenye nyumba isiyofagiwa. Sikutaka waseme mtoto wa kaka yangu ametengeneza kitu kibovu. Nikachokonoa, nikaziba upya kwa unga wa zahanati. Kwenye kadi sikuandika kitu.

Juzi mmoja wao, Faustina, muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, kaja shavu limevimba. Kwa haraka yangu niliacha uozo chini. Jino nimeling'oa. Akanishukuru.

Nina miaka thelathini na nane kwenye kazi hii. Wakijua watanifuta. Andika kwamba kadi za Iringa zimelowa mvua njiani, ziondolewe zote. Hakuna atakayeumia.

Baba yako mdogo,
Aroni

Ilomba, Mbeya
9 Mei 2025

Baba mdogo,
Shikamoo. Pole kwa yaliyompata Faustina; mpe pole yangu pia.

Kadi hazikulowa, na siwezi kuandika kwamba zililowa. Jana nimewaeleza kamati ya maadili kwamba majibu ya Iringa si ya kweli. Jina lako wameuliza, nimelitaja. Wamefungua orodha. A ndio wenye fedha. Unga wangu unaua bakteria vizuri, lakini haustahimili kutafuna. Kama ungeniandikia ule Machi, ningejua mapema.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya maelezo. Ukisaini au usiposaini, ripoti nimeshaisimamisha. Ila ukisaini, itakuwa umesema mwenyewe.

Bado ni mwanao,
Benedicta

Kihesa, Iringa
21 Mei 2025

Benedicta,
Kamwene.

Fomu hii hapa, nimesaini. Zahanati wameniambia nikae nyumbani hadi waniite. Kabla sijarudisha funguo niliwatafuta wagonjwa wote niliowagusa, mmoja mmoja, nikawaeleza nilichofanya na kuwaangalia tena. Mmoja kanitukana mbele ya mkewe. Majina na tarehe nimeyaandika nyuma ya fomu.

Nilikwambia manne. Ni saba. Andika saba.

Aroni