Mguu wa Brynlee

Shoga, upo? Sikia ya leo.

Leo asubuhi nilikuwa nawafundisha wale watoto wangu wa mpira wa kikapu, wa miaka saba, kugeuka na mpira. Nikawaambia mguu mmoja usibanduke sakafuni mpaka niseme mimi. Ukibanduka umetembea, na hilo ni kosa, mpira wanapewa wapinzani. Nilikazia, unanijua.

Mara king'ora cha moto kikalia. Mtu kaunguza bisi jikoni. Tukatoka mbio, watoto na kaptula zao kwenye theluji.

Nikahesabu kumi na mmoja.

Kumi na mmoja, shoga. Wako kumi na wawili.

Nikarudi ndani. Moshi umeshaingia ukumbini, na Brynlee yuko palepale, mpira kifuani, anazunguka kwa mguu mmoja huku analia.

"Mbona hukutoka?"

"Hukusema."

Hukusema. Nikambeba juu juu hadi nje.

Mama yake ndiyo kwanza anashuka kwenye gari. Nikatafuta pa kuanzia, mtoto akaniwahi:

"Umenitembeza, kocha. Sasa mpira ni wao."

Nikamwambia nisamehe. Ningesema nini kingine, na mama yake ananitazama?