Betri Zilizoishia Kwenye Muziki

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Babu yako hajambo, mama yako hajambo, shangazi wa Buswelu hajambo, mimi ni goti tu.

Umeniuliza: setilaiti mnayoiongoza wewe na wenzako, ndogo kama boksi la viatu, ina umeme kidogo, iutumie kujigeuza ielekee jua, au kutuma habari huku chini? Mimi sijui.

Nilipokuwa msichana, betri za redio tulizianika juu ya jiwe zipate nguvu ya matangazo ya vifo jioni. Siku moja nikazimalizia kwenye muziki. Baba akakaa, "Haya, tusikie nani katutoka." Redio kimya. Aliyetangazwa jioni ile alikuwa dada yake, kule Magu. Tulifika keshazikwa. Baba hakunigombeza.

Igeuzeni, lakini mbakize umeme wa kusema. Nawe simu haipatikani tangu Jumapili. Nijibu upesi.

Bibi yako