Daktari Alipomtikisa Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua au bado unalala na soksi? Sisi huku wazima, ila mmoja wetu ana kasoro, nitafika huko. Mafua ya binti yangu yamekwisha. Shangazi goti linamsumbua, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Na wewe kula vizuri, jamani. Kwenye ile picha uliyotuma umekonda mno.

Kwanza nina swali, maana wewe ndiye msomi wa Kiingereza katika familia hii. Neno splash lina maana ngapi? Nililiona kwenye kadi ya hospitali ya Baba. Mimi nalijua la gari kupita dimbwini likakuharibia sketi, basi. Binti yangu akafungua kamusi, tukazama humo mpaka chai ikapoa. Kumbe hata maziwa kidogo ya kutia kwenye kinywaji ni hilohilo! Na doa la rangi ukutani, na habari kubwa ya gazetini, na mtu anayetapanya pesa ili aonekane. Lo! Neno moja lina kazi nyingi kuliko mimi. Sisi tumezigawa: maji hurushwa, hunyunyizwa, hutapakaa, jiwe hutumbukia chubwi, na yaliyomo ndani ya dumu husukasuka. Sasa hilo la kwenye kadi ya Baba lilikuwa lipi? Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Baba amekuwa akitapika tangu mwezi uliopita, na akatuficha. Si unamjua. Anakwenda nyuma ya duka, anarudi akijifuta mdomo, anamhudumia mteja. Siku moja nilimfuma ameshikilia pipa la mafuta ya taa kwa mikono miwili, na kilichotoka kilikuwa chakula cha jana yake. Shangazi akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Baba akanuna siku mbili, ndipo akakubali kwenda.

Daktari ni mwanamke, mdogo kwangu. Hakuanza na sindano wala mashine. Alimwuliza Baba amekula nini leo. Baba akasema chai ya alfajiri tu, na hapo ilikuwa saa saba mchana. Akamlaza, akaweka kile chombo cha kusikilizia juu ya tumbo, akamshika kiunoni pande zote mbili, akamtikisa. Nakuambia alimtikisa! Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikasikia kwa masikio yangu, chwa chwa chwa, ndani ya tumbo la baba yangu. Sikujua nicheke au nilie.

Daktari akaliandika lile splash kwenye kadi, akasema njia ya chakula kutoka tumboni imebana, lazima apasuliwe. Baba akasema ng'o! Hapasuliwi kwa ajili ya kelele za chai. Akaanza kutafuta viatu vyake. Daktari akamwambia asipopasuliwa atakufa kwa njaa huku anakula. Ndiyo kwanza akakaza kamba za viatu.

Mimi nikaropoka tu. "Daktari, huyu mzee ameuza mafuta miaka arobaini. Mtaani wanamwita Sikio. Anatikisa pipa lililofungwa, anakuambia zimebaki lita ngapi. Hebu mpe asikilize mwenyewe."

Daktari akacheka, akamlaza tena, akamtia kile chombo masikioni, akamtikisa. Baba akafumba macho vilevile kama dukani. "Tena," akasema. Akatikiswa tena. Akauliza, "Hii ndiyo chai ya alfajiri?" Daktari akaitikia kwa kichwa.

Akanigeukia mimi. "Pipa koki imefunguliwa tangu asubuhi, na bado lina nusu. Koki imeziba hii."

"Na koki ikiziba unafanyaje?" nikamwuliza.

"Unaifungua! Utafanyaje?" Akajisikia alivyosema, akavivua viatu. "Haya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lete karatasi." Akasaini.

Tangu siku hiyo binti yangu anakunywa maji, anajitikisa, anasikiliza. Na mimi nimejaribu, usimwambie mtu. Lakini Baba ameniambia kwamba hiyo sauti anaisikia tangu kitambo kila akigeuka kitandani, akadhani wazee wote wako hivyo. Hilo limeniuma sana.

Upasuaji ni Alhamisi, tarehe 25. Daktari anasema kilichobana huenda ni kovu la kidonda cha zamani, na huenda ni kitu kibaya zaidi. Hatajua mpaka afungue. Naogopa, mdogo wangu. Mbele ya Baba najifanya jasiri, ila naogopa.

Barua hii nampa jirani yetu fundi cherehani anayesafiri kesho, akukabidhi mkononi. Shangazi anakusalimu, anasema hujamwandikia. Binti yangu anamsalimu mjomba wake. Tusalimie mkeo na wale mapacha, uwabusu wote wawili wasigombane. Mungu awakinge na kila baya, na awape riziki yenye amani.

Nakupenda, na sitachoka kukuandikia.
Dada yako.

Baba ameninyang'anya kalamu, anataka kuongeza lake:

Dada yako ana maneno mengi. Mimi sijambo. Uje kabla ya Alhamisi.
Baba.